NGUO KUMI, PICHA MWEZI MZIMA

Kama unasoma gazeti hili huku umening'inia kwenye daladala la Mbagala, shika bomba vizuri, maana leo nina mengi.

Tangu nianze kupiga picha za viwalo vyangu vya kila siku na kuziweka Instagram, sasa yapata miezi minane, swali ninaloulizwa kuliko yote siyo la rangi wala la kiatu. Ni hili: "Dada, mshiko wa kununua pamba zote hizo unautoa wapi?" Wapo wanaouliza kwa upole. Wapo wanaouliza kwa ule mtindo wetu wa mjini, swali lenye jibu tumboni: "Nani anakuvisha?" Akina dada wenzangu mnaelewa hapo mtu anatafuta nini.

Basi leo naanika kabati hadharani. Sina bwana wa kunivisha, sina mjomba Ulaya na sina duka. Nakaa mapokezi kwenye ofisi moja katikati ya jiji, napokea wageni na simu. Mshahara ukishatoa kodi ya chumba, nauli na msosi, kinachobaki kwa ajili ya nguo hakizidi elfu ishirini na tano. Mwezi mbaya hakibaki kitu. Wanaonifuata hawajafika hata elfu mbili, kwa hiyo usidhani unaongea na supastaa. Mimi mwanagenzi, na haya ni mambo ya mwanagenzi.

KABATI LENYEWE HILI

Nguo ninazozizungusha kila siku ni kumi tu. Hesabu nami.

Suruali mbili: jinzi ya bluu iliyokoza na nyeusi ya kitambaa. Sketi mbili: nyeusi ya kunyooka na ya kitenge inayovuka goti. Blauzi tatu: nyeupe yenye kola, ya maua madogo na ya rangi ya manjano. Shati moja la kiume la mistari. Gauni moja la pamba. Na koti dogo la kijivu la kuingilia ofisini. Kumi hizo, hakuna ya kumi na moja iliyofichwa chini ya godoro.

Sasa kaa na kalamu. Za chini ziko nne, za juu nne. Nne mara nne ni kumi na sita. Kila vazi katika hayo unaweza kulivaa na koti au bila koti, tayari thelathini na mbili. Ongeza gauni lenye koti na lisilo na koti, thelathini na nne. Mwezi mrefu kuliko yote una siku 31. Kwa hiyo naweza kupiga picha kila siku ya Mungu, mwezi mzima, nisirudie vazi, na bado nikabaki na akiba ya siku tatu. Anayesema navishwa na pedeshee, akakague hesabu kwanza.

Siri ni moja tu: kila ya chini inakubaliana na kila ya juu. Blauzi ya maua ni maua madogo ili isigombane na kitenge. Koti ni la kijivu kwa sababu kijivu hakina adui. Kabla sijatoa hela sokoni najiuliza: hii itavaliwa na vitu vitatu nilivyonavyo nyumbani? Kama jibu ni hapana, naiacha, hata ikiwa nzuri vipi, hata muuzaji akiniita sista duu mara mia.

Na gharama? Hizi hapa. Jinzi 10,000. Suruali nyeusi 7,000. Sketi nyeusi 4,000. Blauzi tatu, buku tatu tatu, 9,000. Shati 3,000. Koti, ambalo nililigombania kama fainali ya Simba na Yanga, 12,000. Hizo nane zote ni mitumba, jumla 45,000. Sketi ya kitenge, kitambaa 15,000 na ufundi 10,000. Gauni la pamba, kitambaa 15,000 na ufundi 15,000. Halafu fundi kurekebisha mitumba, kupunguza huku na kuongeza kule, 11,000. Jumla kuu 111,000. Gawa kwa miezi minane, haifiki elfu kumi na nne kwa mwezi. Zikariri namba hizo, maana mbele tutazihitaji.

KARUME, SAA MOJA ASUBUHI

Kuna watu bado wanaona haya kusema wamevaa mtumba. Haya ya nini? Nusu ya hao wanaopendeza mbele yako Posta saa mbili asubuhi wametokea Karume, wengine Tandika, wengine Manzese. Tofauti ni kwamba mwenzio amejua kuchagua.

Mama mdogo, ambaye naishi naye jirani, ananisimulia kwamba usichana wake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka yalikuwa matupu na kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka hiyo, mitumba ikamiminika. Watu wakaibatiza jina "kafa Ulaya", wakiamini kwamba mwenye koti alishakwenda kuzimu na sisi tumeletewa mirathi. Hawakuacha kuinunua lakini!

Na msidhani jambo hili ni dogo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu ili viwanda vyetu vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakaja juu, ikatajwa AGOA, ule mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Wengi wakarudi nyuma, sisi tukiwamo. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa unafuu huo. Kwa hiyo ile blauzi yangu ya buku tatu imeshagombaniwa na marais.

Mimi mwenyewe roho inaniuma kidogo. Pamba inalimwa hapa hapa, Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa haijawa hata uzi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Siku nikipata blauzi ya pamba ya nyumbani kwa bei ya mfuko wangu, nitaipiga picha mbele, nyuma na ubavuni. Mpaka siku hiyo, naamkia Karume.

Soko lile liliungua Januari 2022, mali za watu zikateketea, na wenyewe wakarudi wakasimamisha upya. Ukienda, nenda mapema, wakati belo linafunguliwa. Saa nne wajanja wameshabeba vyao. Na ukishika nguo, fanya hivi.

Kwanza, ipandishe juu uitazame dhidi ya jua. Matundu ya mende na sigara hujitangaza yenyewe. Pili, kagua kwapa, kola na mapaja kwa ndani, huko ndiko nguo inakozeekea. Tatu, shika kitambaa pande mbili za mshono, vuta taratibu. Uzi ukicheka meno, rudisha. Nne, zipu ifungue na uifunge mara tatu mbele ya muuzaji, akinuna anune. Tano, suruali usiyoweza kuijaribu, zungushia kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma bila kukukaba, nyingi hukubali kiunoni. Fundi wangu ndiye aliyenifundisha, na mpaka leo shingo yangu haijanidanganya.

Ukifika nyumbani loweka, fua, anika juani, piga pasi ndani na nje, ndipo uvae. Na nguo za ndani usiguse kabisa. TBS ilishapiga marufuku za mtumba, na hata isingepiga, mwanamke mwenzangu, jiheshimu.

FUNDI NI NDUGU

Mtumba ukitoka sokoni ulishonewa mtu mwingine, mwenye mabega yake na makalio yake. Ukiuvaa ulivyo unaonekana umevaa mtumba. Ukipita kwa fundi unaonekana umevaa nguo. Hiyo ndiyo tofauti yote, na mara nyingi inauzwa buku moja au mbili.

Shati langu la mistari lilikuwa la baba mmoja mwenye kitambi. Fundi alilipunguza ubavuni, akakata mikono ifike kwenye viwiko, akabadilisha vifungo vya plastiki akaweka vyeusi. Siku niliyoweka picha yake watu ishirini na moja waliuliza duka. Nikawajibu: duka ni kibaraza cha fundi, chini ya mwembe, cherehani ya miguu.

Ila mafundi nao! Kwao "kesho" ni jina la ugonjwa. Ukimpelekea nguo ya Jumamosi, mwambie shughuli ni Alhamisi. Na usimpe hela yote. Mpe nusu, nyingine akaione kwenye ndoto mpaka amalize.

Kitenge usikipeleke kwa fundi kikavu kutoka dukani. Kiloweke kwanza usiku kucha, kianike, ndipo kikatwe. Kama ni cha kusinyaa kisinyae mapema, siyo kisubiri uwe umeshakishona halafu sketi ivuke goti kwenda juu bila ruhusa yako. Maji ya kulowekea nayo hukupa taarifa: yakibadilika rangi kidogo, sawa. Yakiwa kama soda, umepigwa.

Kanga siihesabu kwenye zile kumi, maana kanga siyo nguo, kanga ni mwenzi. Lakini wanaoanza wasiisahau. Jumamosi jioni nikiwa na blauzi nyeupe, kanga moja ikakaa kiunoni, pindo likanyooka, na jina likasomeka vizuri kwa nyuma, picha hiyo huzidi zote za wiki. Angalieni tu jina linasema nini kabla hamjapita mbele ya jirani. Maneno mengine ni kesi.

JUA, DALADALA NA WENYE MACHO

Majarida ya mitindo hayataji kitu kinachoitwa Dar es Salaam mwezi wa pili. Polista inayong'aa kwenye picha, saa saba mchana inageuka kuwa mfuko wa nailoni, na wewe ndiyo sambusa ndani yake. Ndiyo maana gauni langu ni la pamba na blauzi zangu hazibani kwapa. Nguo ya kila siku ipimwe kwa mambo matatu: unaweza kuinua mkono ukashika bomba? Unaweza kupanda ngazi ya daladala bila kuonyesha ubao wa matangazo? Ukikaliwa na ndoo ya dagaa, inafulika?

Viatu virefu huvaliwa ofisini, njiani ni ndala. Mkoba wangu mkubwa hauna siri nyingine, una viatu, kitana na mfuko wa plastiki wa kufungia ndala zenye tope, hasa masika, Machi mpaka Mei. Suruali nyeupe nimeiondoa kabisa maishani mwangu. Grisi ya mlango wa daladala ina mapenzi nayo.

Halafu picha zenyewe. Mpiga picha wangu ni binamu yangu wa kidato cha tatu, malipo yake ni chipsi. Tunapiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Saa sita jua liko utosini, linakuchora vivuli chini ya macho kama umepigwa. Ukuta wetu ni wa banda la duka la Mangi, rangi ya bluu, bure. Simu ni ya binamu, bando ni langu.

Ugumu mkubwa hauko kwenye simu, uko kwa wapita njia. Mara ya kwanza kusimama barabarani na kuweka pozi, bodaboda wanne walisimama kutazama kama sinema. Mmoja akauliza, "Sista, pasi ya kusafiria hiyo?" Mama mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba watoto wa siku hizi hawana kazi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," halafu akaniuliza kitenge nimenunua wapi.

Tusishangae sana. Nguo ya msichana mjini imekuwa kesi ya watu siku zote. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, ikapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wasichana wakasumbuliwa kwenye vituo vya basi pale Kariakoo. Hata mashindano ya Miss Tanzania yaliwekwa kando miaka mingi, yakarudi mwaka 1994. Leo nikisimama na sketi inayovuka goti mtu akaguna, nakumbuka kwamba bibi zetu waligunwa zaidi, na walipita.

GAUNI LA BURE

Sasa tufike kwenye lililonifanya niandike leo.

Ukishaonekana onekana kidogo, wafanyabiashara wanakutafuta. Si vibaya, biashara ni biashara. Mwezi uliopita mwenye duka moja Kariakoo, mtaa nauweka kapuni, alinitumia ujumbe. Ana magauni mapya. Nichukue moja bure, niweke picha tatu, niseme limetoka Uturuki, halichuji na halikunjiki. Akiona picha, ananitumia elfu themanini.

Elfu themanini! Kwa mtu ambaye bajeti yake ya nguo ni elfu ishirini na tano kwenye mwezi mzuri, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Na kodi ya chumba ilikuwa wiki mbili mbele, inanitazama.

Nikaenda. Gauni lilikuwa la kijani, refu, linaanguka vizuri mwilini. Nikalijaribu pale pale dukani, kijana wa duka akapiga picha. Nikamwambia mwenye duka, "Kaka, mimi huwa navaa kwanza na kufua kwanza, ndipo nasema." Akacheka, akasema hakuna shida, mdogo wangu.

Jumapili nikalivaa kwenda kanisani. Kwenye daladala nikainua mkono kushika bomba, mshono wa kwapa ukafunguka tii! Nikarudi mkono umebana ubavuni kama mwenye kidonda. Jumatatu nikaliloweka. Maji yakawa kijani kama nimechemsha mchicha. Nikageuza shingoni nisome lebo: ile ya Uturuki ilikuwa imeshonwa juu ya lebo nyingine.

Hapo bado ningeweza kusema ni gauni tu, dunia haijaisha. Lakini jioni ile ile ukaingia ujumbe kutoka kwa binti mmoja anayenifuata. Duka walikuwa wameshaweka ile picha waliyonipiga. Akaandika hivi: yeye anafanya kazi kwa mama lishe, dada yake ana sendi-ofu, amelitamani gauni lile. Bei dukani ni 45,000. Ameshachanga 30,000, imebaki 15,000. "Dada, wewe huwa husemi uongo. Ni zuri kweli?"

Kumbuka zile namba nilizokwambia uzikariri. Elfu arobaini na tano ndiyo bei ya nguo zangu nane za mtumba, jinzi, koti na vyote. Na huyu mtoto wa watu anaitafuta kwa kuosha sahani.

Nikampigia mwenye duka kwanza, ndiyo heshima. Nikamweleza mshono, rangi na lebo. Hakukataa hata kimoja! Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe si wa kwanza. Wenzako wakubwa wanapiga picha wanachukua chao. Nani anafua gauni la sendi-ofu? Linavaliwa mara moja." Nikamjibu, "Kaka, anayelinunua kwa mchango wa miezi mitatu atalivaa mpaka watoto wake walivae." Akasema nitajiharibia mjini. Nikasema sawa, basi naomba picha yangu iondoke.

Nilipokata simu nikamwandikia yule binti: usilipe, limechuja mkononi mwangu. Kesho yake gauni nililifunga, limefuliwa na kupigwa pasi, nikalirudisha dukani mkono kwa mkono mbele ya wateja wawili. Picha waliiondoa baada ya siku mbili. Elfu themanini sikuziona, na kodi ilibidi nimwombe mama mwenye nyumba nilipe kwa vipande. Mama mdogo aliposikia alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, njaa utaila, lakini utalala." Yule binti hakuandika mengi. Aliuliza fundi wangu anakaa wapi.

Najua wapo watakaoniita mshamba. Jamani, mimi sikatai hela. Duka likinipa nguo nzuri, nikaivaa, nikaifua, ikadumu, nitaipiga picha, nitasema nimelipwa, na hela nitaila mchana kweupe. Lakini anayetuangalia sisi tunaoanza si tajiri. Tajiri hatafuti ushauri wa msichana wa mapokezi. Anayetuangalia ni yule anayehesabu, anayeamini kwa sababu anaona na wewe unahesabu. Nikimdanganya huyo, hasara yake ina tarakimu: shilingi elfu kumi na tano alizobakiza na thelathini alizokwisha kuchanga.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Barua na ujumbe ni nyingi, wengi mnataka kuanza kama mimi. Shika haya machache.

Usinunue nguo kwa ajili ya picha. Piga picha nguo unayokwenda nayo kazini, chuoni au sokoni. Maonyesho makubwa yapo, Swahili Fashion Week ya Mustafa Hassanali imekuwapo tangu 2008, na ni mazuri. Lakini gauni la jukwaani halijui adha ya kupanda daladala. Hiyo unaijua wewe.

Usiogope kurudia nguo. Rudia, na useme umerudia. Jinzi yangu imeonekana mara arobaini na kitu, na picha zake ndizo zinazoulizwa zaidi, kwa sababu mwenye jinzi moja nyumbani anaona jinsi ya kuivaa tofauti.

Usiazime ili utese. Najua mchezo wa kuchukua nguo dukani, kuficha kikaratasi cha bei mgongoni, kupiga picha na kurudisha Jumatatu. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Jasho moja tu la Februari, umeinunua.

Taja bei na mahali. Kama ni Karume, sema Karume. Kama ni ya dada yako, mtaje dada. Anayeanza hana jina wala hela, ana ukweli tu, na ukweli huo ndio unaomleta mtu kesho asubuhi kutazama tena.

Na mwisho, lipa fundi. Mkimtaja kwenye picha mkasahau kumlipa, siku ya sendi-ofu yako mtanikumbuka.

Wiki ijayo tutaingia kwenye viatu: jinsi ya kujua soli iliyogundishwa na iliyoshonwa, na kwa nini kiatu cha mtumba kisinunuliwe asubuhi kabla mguu haujavimba. Mwenye swali alete, mwenye fundi mzuri wa viatu huku Mbagala anitajie, maana wangu kahamia Morogoro na viatu vyangu viwili.

Haya, piga pasi, tupendeze.